Siku Babu Felisiani Alipoonyeshwa Ukutani

Kasulu, 4 Machi 2024

Shangazi yangu Immakulata,

Pokea salamu za nyumba hii yote, kuanzia mke wangu Claudine mpaka mbuzi, maana hata yeye ameamka salama baada ya kula kipande kizima cha sabuni ya kufulia. Mvua inanyesha kila mchana, maharage yameshika vizuri, na mwalimu wa kwaya amehamia Kigoma mjini, kwa hiyo siku hizi kila mtu anaimba kwa sauti aliyojaliwa na Mungu.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu mwaka jana ulinifokea, ukasema simu ni ya kutangazia misiba na kwamba nikikupigia inabidi kwanza ukae chini. Barua anaileta Hilali, kondakta wa basi la Kibondo, na ameapa hataisahau kwenye buti.

Jambo lenyewe ni jema. Pale makumbusho ninapotembeza wageni tumeletewa filamu ya zamani kutoka Ulaya. Waingereza wa idara ya kilimo waliipiga hapa hapa milimani kwetu Waha mwaka 1953, wakaiita Kahawa Yafika Buha. Miaka yote hiyo imekaa kwenye kopo katika ghala lao, na sasa wameihamishia kwenye flashi. Nilipoitazama mara ya kwanza na mkuu wangu, Bi Yasmini, nilijikuta nimesimama. Shangazi, ndani yumo Babu Felisiani. Ni kijana, mwembamba, na masikio ni yale yale aliyotugawia sote.

Bi Yasmini anataka kuionyesha mwezi wa sita, ukutani, kwa yeyote atakayekuja. Lakini amesema haonyeshi bila idhini ya ukoo, na mkubwa wa ukoo aliyebaki ni wewe. Babu anaonekana vizuri. Amevaa shuka safi. Filamu yenyewe ni fupi.

Nijulishe unasemaje. Na kama unakumbuka, Babu aliwahi kukusimulia alifanya nini hasa humo ndani?

Ni mimi mwanao,
Stanislaus


Kibondo, 17 Machi 2024

Mwanangu Stanislaus,

Barua yako imefika na alama ya mafuta ya maandazi, kwa hiyo na Hilali ameisoma. Mwandiko nimeupa sita kwa kumi. Nukta zako unazipanda mbali mbali kama mihogo. Huku hatujambo. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Mjukuu wangu Dorcas anakusalimu, ingawa siku hizi ukimwita hasikii mpaka utaje jina la Irakoze.

Sasa hilo la Baba. Niliposoma nililia, nikanawa uso, nikavaa gauni la Jumapili siku ya Jumatano, nikaenda parokiani kuwaambia. Unajua nimefundisha darasa la tatu hapa Kibondo mpaka nikastaafu, na kila mwaka tukifika somo la mazao nilikuwa nasema: watoto, baba yangu ndiye aliyewafundisha watu wa Buha kupanda kahawa, na Wazungu wakampiga sinema ili nchi nzima imwone. Wapo walimu wenzangu walioguna. Wengi wao wamekwisha kufa, lakini waliobaki nitawaleta.

Mwenyewe tulipomuuliza alikuwa akijibu, "Nilifanya walichotaka," halafu anaomba maji ya kunywa. Baba hakuwa mtu wa kujisifu. Na unajua hatuna picha yake hata moja, ile tuliyokuwa nayo iliungua na nyumba. Sijauona uso wa baba yangu tangu tulipomzika.

Kuna na jingine. Posa ya Dorcas imekwama. Mzee Ndihokubwayo wa Kagerankanda, baba yake Irakoze, ni Mrundi, mtu mwema ila anapima kila kitu kabla hajakikalia. Alipokuja Krismasi akauliza sisi ni ukoo wa watu gani. Nikamsimulia habari za Baba na sinema. Akasema "Aha," ile aha ya mtu anayengoja kuona. Basi ataona. Nimemwalika yeye na watu wake wote, na vitenge vya sare nimewapelekea.

Idhini mnayo. Tutengeeni viti vya mbele.

Shangazi yako,
Immakulata


Kasulu, 9 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Tunamshukuru Mungu, wote tunapumua. Mbuzi amepona kabisa na sasa anakula taulo. Claudine amepata mtaji mdogo wa kuuza dagaa, nyumba yote inanuka Tanganyika.

Nimefurahi kwamba umefurahi. Nilikuwa nafikiri tu, kwa upendo, kwamba safari ya Kibondo mpaka hapa si rafiki wa goti lako. Tena filamu yenyewe ina mikwaruzo mingi, mtu wa umri wako anaweza kuumwa macho. Ukumbi wetu ni mdogo. Na Mzee Ndihokubwayo ni mkulima, mwezi wa sita ana kazi nyingi, si vizuri kumtoa shambani kwa jambo la dakika chache.

Bi Yasmini naye anasema lazima ianze kwa maelezo, kwa sababu Wazungu wa zamani walikuwa na namna yao ya kusema juu ya watu. Usiogope, ni maelezo ya kawaida. Babu ni mhusika mkuu wa pili.

Msalimie Dorcas.

Mwanao,
Stanislaus


Kibondo, 21 Aprili 2024

Stanislaus,

Tu wazima. Kuku wametaga, kanisa limepata bati jipya, na jirani yangu aliyekuwa haongei na mimi ameanza kuongea, ni hasara.

Mhusika mkuu wa pili ni kitu gani? Nimefundisha watoto wa wenye akili na watoto wa wasio nazo, na mtoto akianza kuniambia habari za barabara na macho yangu, najua kuna kioo kimevunjika mahali. Nataka uniandikie insha. Kichwa chake: Baba Yangu Anafanya Nini Katika Filamu. Mwanzo, kati na mwisho. Usipake rangi.

Watu wa Kagerankanda wamekwisha kushona. Mke wa Mzee ameweka mabega ya kupanda, ameniletea salamu kwamba amependeza. Fikiria hilo unapoandika.

Shangazi yako


Kasulu, 6 Mei 2024

Shangazi yangu,

Amani iwe kwako na kwa Dorcas. Leo habari za nyumbani nazifupisha, mbuzi tumemuuza.

Mwanzo. Linakuja gari, anashuka bwana shamba wa Kizungu mwenye kofia kubwa. Babu anapanda njia kutoka bondeni, analaza fimbo yake chini, anainama, anapiga makofi yale ya taratibu ya wazee wetu wakisalimia. Midomo yake inatamka lakini sauti haisikiki, wameifunika kwa sauti ya Mwingereza anayesimulia. Anasema hivi: mtu wa milimani anacheza ngoma kwa hofu, hajawahi kuona gari. Yule bwana mwenye kofia anampita bila kumtazama, na picha inakatwa hapo.

Kati. Kuna kijana mmoja aliyeletwa kutoka kwingine, kavaa kaptula na soksi. Huyo ndiye Mwerevu. Anapanda mche wake wa kahawa vizuri. Babu ndiye Mjinga. Shangazi, nisamehe mkono unaoandika. Babu anaupanda mche kichwa chini, majani udongoni, mizizi hewani. Halafu anakaa kando yake, anangoja kahawa.

Mwisho. Yule Mwingereza anasema watu wa huku ni watoto, wanahitaji kushikwa mkono kwa muda mrefu sana. Muziki.

Nilimwomba Bi Yasmini tuirudishe ilikotoka. Nilimwomba tena akate vipande vya Babu, akaniambia ukikata hivyo anabaki kijana na soksi zake. Ni mtu wa Tanga, anagombana kwa sauti ya chini, lakini hasogei. Anasema hii ndiyo filamu iliyozungushwa kwa gari la sinema nchi nzima, watu wakafundishwa kuwacheka Waha, na kichekesho hicho bado kinatembea mjini hadi leo bila mtu kujua kilikotoka. Anasema ukiificha, kinabaki kicheko peke yake. Mimi nilimjibu kwamba huyo si babu yake. Akasema ni kweli, na ndiyo maana anaungoja ukoo. Anasema idhini uliyotoa hujui uliitoa kwa kitu gani, kwa hiyo haihesabu. Ukisema hapana, haitaonyeshwa.

Nashindwa kukushauri. Naona aibu kwa ajili yako na kwa ajili ya Dorcas.

Mwanao,
Stanislaus


Kibondo, 12 Juni 2024

Mwanangu,

Barua yako ilinikuta sipo. Nilikuwa Nyabibuye kwenye msiba wa mama yake rafiki yangu Ndayikeza, nikakaa mpaka matanga, na niliporudi nikaikuta chini ya chungu cha maharage, Dorcas akiwa hajaifungua wala hajaniangalia usoni. Sijui kama Hilali amemwambia kitu. Kahawa imeiva, tunachuma.

Insha ni nzuri. Sitaipa alama.

Nilikaa kuandika hapana. Nikaandika, nikaichana. Maana nimejiuliza, nikisema hapana ni nani ninayemficha? Baba alikuwa na shamba la kahawa bora kuliko yote katika kilima chetu. Alijua mizizi inakaa wapi kabla huyo wa soksi hajazaliwa. Walimwambia geuza, akageuza, na sisi hatukuwepo tujue walimwambia kwa maneno gani. Halafu mimi nikaenda miaka yote nikiwaambia watoto wa watu uongo, huku yeye anaomba maji.

Mara nyingi nimeshika simu nimwambie Mzee Ndihokubwayo asije. Nimeshindwa. Nimwambie nini? Kwamba yule niliyemsifu Krismasi ni Mjinga wa sinema? Posa itakufa nikiwa nimeshika simu. Akienda, itakufa mbele ya watu wengi, lakini angalau sitakuwepo.

Onyesheni. Mimi siji. Ni goti.

Ila mtazame kwa ajili yangu. Alikuwa na pengo upande wa kushoto, akicheka analificha kwa ulimi. Niambie kama linaonekana. Na watu wa Kagerankanda wakitoka katikati, usiniandikie, nitasikia tu.

Shangazi yako,
Immakulata


Kasulu, 24 Juni 2024

Shangazi,

Huku ni jua na vumbi, Claudine anakupa pole ya goti na amekufungia dagaa, mdai Hilali kabla hajaanza kuwaonja. Sasa kaa chini, ingawa hii si simu.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mzee Ndihokubwayo alifika mapema na koti lake la harusi, nyuma yake watu wa Kagerankanda wote na kitenge kimoja, na mabega ya mama yalikuwa yamepanda kweli, waliokaa nyuma yake walilalamika. Wakakaa safu ya mbele. Walimu wenzako wastaafu nao walikuja. Mimi nilisimama karibu na mlango, penye mashine ya picha, ili nipate pa kukimbilia.

Bi Yasmini alianza maelezo. Alieleza ukoloni, alieleza dharau, alieleza rangi za ngozi na nani alizipanga kwa daraja. Yalikuwa maneno mazuri na marefu, watoto wawili walilala. Kisha akaizima taa.

Gari likaja. Mwenye kofia akashuka. Babu akapanda njia, akalaza fimbo, akainama, akaanza kupiga makofi. Chini ya picha Bi Yasmini alikuwa ameweka Kiswahili cha yule Mwingereza: anacheza ngoma kwa hofu. Vijana waliosimama nyuma wakacheka. Hapo hapo Mzee Ndihokubwayo akasimama.

Nikajua tumekwisha. Nilifumba macho, Shangazi, sikuwa na ujasiri. Nilipofumbua hakuwa ameelekea mlangoni. Alikuwa amevua kofia, ameinama kuelekea ukutani, anapiga makofi na kumjibu Babu kwa Kirundi chao kinachosikilizana na Kiha chetu, taratibu, habari moja baada ya nyingine. Picha ikakatwa, ukaja ule mche. Mzee akageuka akaniambia turudishe nyuma.

Bi Yasmini alidhani amekasirishwa na maneno ya Mwingereza, akaanza kumwomba radhi na kumfafanulia tena ubaguzi. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, unamjua alivyo, halafu akasema: "Mama, hayo nimeyaelewa. Nilipofika nchi hii nikiwa kijana, nilisemewa sana na watu wasiojua ninasema nini. Lakini huyu baba amesalimu, na yule mwenye kofia amempita. Mwanangu anaoa kwake. Sikai chini na salamu ya mkwe imeachwa njiani."

Tukarudisha nyuma. Safari hii wazee wote walisimama, wa Kasulu na wa Kagerankanda, na walimu wako walioguna, wakainama wakapiga makofi. Kule nyuma kijana mmoja akavua kofia, na wengine wakamfuata. Bi Yasmini naye alipiga, nje ya mdundo, lakini kwa moyo. Tatizo ni kwamba kipande ni kifupi na salamu zetu unazijua, bado walikuwa hawajafika kwenye habari za ng'ombe picha ikataka kuondoka. Ikabidi niisimamishe. Babu alibaki ameinama ukutani mpaka wakamaliza, na sauti ya Mwingereza ilikatikia kwenye neno hofu, hakuna aliyekumbuka kuiuliza iliishia wapi.

Kwenye mche watu walicheka, sitakudanganya. Na mimi nilicheka. Mzee alicheka mpaka akajifuta macho, akisema huyu mkwe angepewa kazi ya kuigiza, tazama anavyoingoja kahawa. Pengo linaonekana, Shangazi. Upande wa kushoto.

Kuhusu posa hakusema kitu. Alikunywa soda, akanishukuru, akaondoka na watu wake.

Mwanao,
Stanislaus


Kibondo, 15 Julai 2024

Mwanangu Stanislaus,

Tu wazima, kahawa imekauka vizuri, dagaa walifika pungufu. Bati jipya la kanisa linavuja.

Mzee Ndihokubwayo alikuja hapa Jumapili iliyopita bila taarifa, na mimi nikiwa na kanga ya jikoni. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kujieleza, nimeyapanga tangu siku ile uliyoniandikia insha. Hakunipa nafasi. Alisalimu, akakaa, akasema, "Nimeonana na baba yako." Halafu akataka tupange siku. Harusi ni Oktoba, baada ya kupanda. Dorcas alikuwa nyuma ya mlango, alidondosha sufuria.

Alipoondoka nilikaa. Nikajiona mimi ndiye mtu wa mwisho. Mkwe ameonana naye, walimu wameonana naye, vijana wa mjini wameonana naye, na mtoto wake yuko Kibondo anasingizia goti.

Basi Alhamisi nilipanda basi la Hilali. Sikukuambia, na bahati nzuri ulikuwa umewapeleka wageni Mtabila kuangalia ilipokuwa kambi ya wakimbizi. Nilimkuta Bi Yasmini wako. Ni mdogo kuliko nilivyodhani, na anapika chai ya tangawizi kali. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye, nikakosa pa kuanzia. Hakueleza kitu safari hii. Aliuliza tu kama nataka sauti, nikasema hapana. Akanifungia madirisha, akanionyesha pa kubonyeza ili picha isimame, akatoka nje.

Akapanda njia, Stanislaus. Mwembamba, mdogo kuliko wewe. Akalaza fimbo akainama, na mimi nikasimamisha picha. Goti likakataa kukunjika, nikalilazimisha.

Nilimjibu yote. Aliniuliza habari za nyumbani nikamwambia ilivyoungua, nikamtajia waliokufa kwa mpangilio, na waliozaliwa, nikamwambia Dorcas anaolewa na watu wazuri waliotoka ng'ambo, na kwamba shamba lake la kahawa bado lipo. Ilichukua muda, Bi Yasmini alichungulia akarudi nje. Nilipohakikisha sina habari niliyombakizia, nilimwambia, "Haya Baba, endelea," nikabonyeza, nikamwacha akapande mche wake.

Shangazi yako,
Immakulata